Nyuzi Mia na Ishirini na Saba

Kompyuta aliniachia Ziemowit, mtoto wa dada yangu,
alipohamia Gdynia kuunda meli.
Sanduku jeusi chini ya meza ya kushonea,
linakoroma kama paka mwenye kikohozi.

Februari hii, hapa Łódź, barafu imeng'ang'ania kioo kwa ndani.
Kipimajoto cha ukutani, cha zebaki, kinasema kumi na saba.
Nakiamini. Tumezeeka pamoja.

Nikafungua ile programu ya joto: mistari minne ya kijani.
Ubao, thelathini na moja. Haya.
Diski, ishirini na nane. Haya.
Prosesa, tisa.
Tisa?
Feni inapuliza hewa ya chumba hikihiki,
haiendi kukopa baridi kwa jirani.
Na mstari wa nne, usio na jina, namba tu:
mia na ishirini na saba.

Nikasogeza kiti nyuma.

Miaka thelathini na mmoja nilitia rangi kiwandani,
nyuzi za pamba, nyuzi za sufu,
na kila rangi ina nyuzi zake za joto:
nyekundu yetu haikushika chini ya themanini,
buluu ukiizidishia hugeuka majivu.
Nilipima kwa kiwiko kwanza, kwa mshale baadaye.
Mia na ishirini na saba naijua.
Ina mvuke, ina harufu,
ilimvua Jadwisia ngozi ya mkono kama glavu.
Haikai kimya chini ya meza ya kushonea.

Nikazima. Nikafungua ubavu kwa bisibisi ya cherehani.
Vumbi, sufu isiyo na kondoo.
Nikagusa mabati ya prosesa:
vuguvugu, yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku.
Tisa gani hiyo?

Nikawasha tena, ubavu wazi, dirisha wazi.
Baridi ikaingia pamoja na kengele ya tramu.
Ubao ukashuka, diski ikafuata shingo upande,
prosesa ikasema mbili, bila haya.
Basi nikaipa kazi: video ya harusi ya Ziemowit,
ibane, iwe ndogo.
Arubaini. Hamsini na nane. Sitini na tatu.
Ikapata akili.
Ile ya nne haikupepesa.

"Mama mkubwa," akasema Ziemowit kwenye simu,
"prosesa haijui baridi, haikufundishwa.
Inajua umbali tu,
zimebaki nyuzi ngapi kabla haijaungua.
Ikiwa mbali na moto, inakisia."

Nikanyamaza, akadhani simu imekatika.
Nilikuwa na msimamizi Wacław, mlangoni, na kalamu sikioni.
Hakuniuliza hata siku moja u hali gani.
Aliuliza: bado kiasi gani?

Na ile ya nne?
Nikapiga magoti na tochi.
Pembeni mwa ubao, pini mbili zimesimama, hazina waya,
zinangoja kihisi ambacho hakuna aliyekileta.
Kila sekunde panaulizwa hapo: joto gani?
Na pasipo na mtu panajibu,
kwa tarakimu kubwa kuliko zote panazozijua.

Debe tupu, nikasema. Kisha nikaona haya,
maana saa ya tangi la tano ilikwama themanini
nasi tuliiandika mwaka mzima, kila zamu,
themanini, themanini, saini yangu chini.
Wakaguzi walilipenda daftari lile.
Walisema linapendeza.

Harusi imekwisha kubanwa. Dirisha nimelifunga.
Kwenye kisanduku cha sindano nimekata uzi mwekundu, pamba tupu,
nikauzungusha kwenye zile pini, fundo la kishonaji.
Kioo bado kinasema mia na ishirini na saba.
Mimi nimehesabu mmoja.